Domeini za bei chee: miaka mitatu nanunua mabaki ya GoDaddy, haya ndo niliyoyaona

Wadau, watu wananiuliza sana nanunulia wapi majina ya tovuti na imekuaje yangu nayapata kwa hela ndogo, nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote kwa mkupuo mmoja. Mi natengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Dar, maduka ya vitenge, saluni, watu wa mapambo ya harusi, na pembeni nanunua domeini, yaani hayo majina ya tovuti, nazikalia, nauza. Kwa miaka mitatu nimenunua 31. Nimeuza 4. Kama 12 hivi nimeziacha ziishe zenyewe sikuzilipia tena, nyingine bado ninazo. Hizo 4 zimerudisha hela ya zote 31 na faida ikabaki, na zote 4 zilitoka sehemu moja, kule GoDaddy, kampuni ya kuuza domeini, kwenye minada yao ya domeini zilizoisha muda, tena sio kwenye mnada wenyewe, kwenye mabaki. Hiyo ndo sehemu nataka kuizungumzia kwa kirefu, nyingine nitazigusa tu.

Tuelewane kwanza kitu kimoja maana wengi wanakosea hapa. Domeini huinunui ikawa yako milele, unailipia mwaka mwaka kama fremu ya duka, na .com mwisho wa kulipia mbele ni miaka 10. Anayeshika .com zote duniani ni kampuni moja ya Marekani inaitwa Verisign, hao wanaziuzia rejistra, yaani kampuni zinazotuuzia sisi majina, kwa bei ya jumla, bei hiyo ilikaa muda mrefu kwenye dola 7.85, ikaanza kupanda 2021, na Septemba 2024 ikafika dola 10.26. Juu yake kuna senti za ICANN ambao ndo wasimamizi wakuu wa majina yote. Sasa mtu akikuuzia .com kwa dola 1 ujue ametoa hela mfukoni mwake kukulipia mwaka wa kwanza, na anategemea kuirudisha kwako mwaka wa pili na wa tatu. Ukiwa na hiyo dola 10.26 kichwani unajua kila rejistra inakula kiasi gani juu yako, anayekutoza 11 anapata senti tu, anayekutoza 22 kwa kurinyu, yaani kulipia mwaka mwingine, anachukua zaidi ya nusu.

Mimi niliingilia mlango huo huo wa dola 1. Kuna mama wa Sinza anauza batiki alitaka tovuti, jina lake kwenye .com lilikuwa limeshachukuliwa, nikaenda kwa rejistra moja nikakuta .online kwa dola 1 na senti zake nikachukua bila kusoma maandishi madogo ya chini. Mwaka ukaisha, bili ikaja dola 30 na ushee. Mama akanipigia, "mwanangu, si uliniambia elfu tatu?" na mi sikuwa na jibu la kumpa, alikuwa keshachapisha kadi, mifuko ya kufungia batiki nayo ina jina lile lile, ilibidi nilipe mimi mwaka ule afu tukajipanga kuhama taratibu. Iliniuma sana kwa sababu yule mama aliniamini. Tangu siku ile bei ya mwaka wa kwanza siiangalii kabisa, naanza na ya kurinyu, na kama tovuti inaificha ile bei mpaka ukabonyeze mara nne ndo uione, naondoka.

Haya, mabaki sasa. Kila siku kuna maelfu ya domeini zinaisha muda, mwenyewe kasahau, kadi ya benki imekataa, biashara imekufa, mtu katutoka na hakuna ndugu anayejua kama alikuwa na tovuti. Haiachiwi siku hiyo hiyo. GoDaddy ndo rejistra kubwa kuliko zote duniani kwa hiyo zinazoisha kwao ni nyingi mno, wanamsubiri mwenyewe karibu mwezi mzima, asipotokea wanaiweka kwenye mnada wa siku 10, na mnada ukipita bila mtu kuweka dau hata moja, jina linashushwa sehemu wanayoiita Closeouts. Hapo hamna mnada tena, kuna bei tu, na bei inashuka kila siku. Inaanzia juu kidogo, kesho imepungua, keshokutwa imepungua tena, inafika dola 11, siku ya mwisho dola 5. Wa kwanza kubonyeza ndo kachukua.

Wanaoenda Karume kwenye soko la mitumba wanaelewa hii biashara bila kufundishwa. Asubuhi belo linapofunguliwa wanaojua wanapigania gredi wani kwa bei ya juu, mchana watu wanachambua, jioni unasikia "jero jero, maliza maliza", na mwenye jicho la nguo ndani ya lile lundo la jero anatoka na shati la kitani safi ambalo watu mia wameshalishika na kulirudisha kwa sababu hawakujua ni kitambaa gani. Mabaki ya domeini ni lile lundo la jioni. Mengi ni takataka kweli, lazima niseme ukweli, katika majina elfu unaweza usipate hata moja la kununua. Ila jicho letu sisi linaona kitu ambacho wenzetu hawakioni, nacho ni Kiswahili.

Hapa ndo kiini cha yote ninayoandika. Wanaopandisha dau kwenye ile minada wengi wako Marekani, India, China, Ulaya, na hawasomi jina moja moja, wanatumia programu za kukadiria thamani ambazo zinahesabu herufi, zinaangalia kama neno lipo kwenye Kiingereza, linatafutwa mara ngapi Google, majina yanayofanana nalo yaliuzwaje. Programu ikikutana na neno la Kiswahili inaona herufi zimerushwa hovyo. Jina langu la kwanza kuuza lilikuwa la maneno mawili, herufi 10, la kwanza ni kitu kinachotoka shamba na la pili linahusu biashara yake, silitaji hapa kwa sababu sasa hivi lina mwenyewe na analifanyia kazi. Lilipita mnada mzima siku 10 hakuna aliyeligusa. Kipimo cha mashine kiliniambia thamani yake ni ndogo kuliko hela niliyolipia. Nililichukua kwa dola 11 siku ya pili kutoka mwisho, nikalikalia miezi kumi na minne, likauzika dola 850.

Na soko lake lipo kweli, kampuni zinazoanzishwa huku kwetu zinatafuta majina ya Kiswahili kila siku. Ushahidi ya Nairobi ilianza 2008 na jina lake ni neno la kawaida kabisa ambalo sasa dunia nzima ya teknolojia inalijua. Sokowatch waliobadilisha jina 2022 hawakwenda kwenye Kiingereza, wakajiita Wasoko. Twiga Foods unaijua. Mtu wa namna hii akifika siku ya kutafuta .com yake akakuta we unayo na unaiuza kwa bei ya kibinadamu, atalipa, maana njia nyingine ni kuongeza viherufi mbele na nyuma mpaka jina liharibike.

Ila sio kila neno la Kiswahili ni mali, hapa nimepoteza hela zangu nyingi mpaka kuelewa. Kipimo changu ni kimoja, namtajia mtu jina kwa simu akiwa kwenye daladala, mara moja tu, afu aniandikie kwa meseji. Akikosea silinunui. Ndo nikagundua maneno yenye dh na th yanasumbua mno, dhahabu mtu anaandika zahabu, thamani inakuwa samani na hapo umeshahamia kwenye vitanda na makochi. R na l nazo, sehemu nyingi za nchi zinabadilishana, ukiuza jina lenye hizo herufi nusu ya wateja wa mnunuzi wako watapotea njia. Afu domeini inakubali herufi, namba na kistari tu, king'ong'o cha ng' hakiingii, kwa hiyo ng'ombe inakuwa ngombe na watu wanalisoma kwa ng ya ngoma. Nimekuwa na jina la aina hiyo miaka miwili, zuri sana ukiliandika kwenye karatasi, hakuna aliyeuliza hata siku moja.

Kuchambua hilo lundo natumia ExpiredDomains.net, na hii kwangu ni nyota tano bila ubishi, unajisajili bure, unaingia kwenye orodha ya mabaki ya GoDaddy, unachuja. Mi naweka .com tu, bila namba, bila kistari, herufi zisizidi 14, afu kwenye sehemu ya neno lililomo ndani naingiza maneno yangu moja moja, nina daftari lenye maneno kama 200, soko, shamba, duka, nyumba, kazi, mkopo, chakula, usafiri, dawa, shule, maji. Inachosha kidogo. Ukiandika kazi utaletewa Wapoland wote wenye jina la Kazimierz, ukiandika soko wanakuja Sokol wa Ulaya Mashariki ambao kwao huyo ni ndege, kipanga, ukiandika pesa unakutana na kampuni ya kutengeneza treni huko huko Poland. Unazoea. Dakika ishirini na chai ya asubuhi inatosha, na sio lazima kila siku.

Kuna safu pale inaitwa ABY, inakuonyesha mwaka ambao jina lilianza kuonekana kwenye kumbukumbu za archive.org, tovuti inayohifadhi kurasa za zamani. Ile naiangalia sana. Jina lililokuwa na tovuti tangu 2009 lina historia, na historia inaweza kuwa mali au inaweza kuwa balaa. Niliwahi kununua moja, sio kwa GoDaddy, kwa muuzaji mmoja binafsi, jina limenyooka, la huduma za afya, dola 40, nikamfungia mteja wa duka la dawa tovuti na imeili zake. Wiki ya kwanza akaanza kulalamika imeili zake hazifiki kwa wasambazaji, zote zinatua kwenye spamu. Nikaenda kuchimba kwenye Wayback Machine, ile sehemu ya archive.org inayokuonyesha tovuti ilivyokuwa zamani, kumbe lile jina baada ya mwenyewe wa kwanza kuliachia lilichukuliwa na watu wa kamari, kurasa na kurasa za kubeti kwa lugha nisiyoisoma, na likawa limewekwa kwenye orodha ya Spamhaus ya majina mabaya. Muuzaji nikimwandikia hajibu. Yule mteja anauza dawa, mzigo wake ulichelewa kwa ajili ya jina nililomtafutia mimi, nilibadilisha kila kitu usiku mmoja kwa gharama yangu. Siku hizi bila kupita Wayback Machine mwaka hadi mwaka, na bila kupima Spamhaus, sibonyezi kununua hata iwe dola 1. Dakika tano tu, na zote mbili ni bure.

Kitu kingine cha kukagua ni alama za biashara za watu. Kwenye mabaki utakuta majina yana mpesa ndani, yana safaricom, yana vodacom, yana majina ya mabenki, yanang'aa na bei ni dola 5. Usiguse. Tangu 1999 kuna utaratibu wa ICANN unaitwa UDRP, mwenye alama anafungua shauri, mengi yanaenda WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya hakimiliki na alama, kule Geneva, ada ya kufungua kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500 anailipa yeye, na akithibitisha kwamba jina linafanana na alama yake, we huna haki nalo na ulilichukua kwa nia mbaya, linahamishiwa kwake na hupati hata senti. Na usidhani maneno ya Kiswahili yako salama kwa sababu ni yetu. Disney walijisajilia Hakuna Matata Marekani kwa ajili ya fulana, mwaka 2018 watu wa Afrika Mashariki walilalamika sana na kusaini malalamiko lakini usajili ule ulikuwa umeshapita miaka mingi. Inaniuma hiyo mpaka leo. Ila ndo hali ilivyo, jina la namna ile ukilichukua unajitafutia kesi na wenye mawakili.

Turudi kwenye bei maana dola 5 sio dola 5. Unapochukua jina kwenye mabaki unalipia na mwaka mmoja wa kurinyu papo hapo kwa bei ya GoDaddy, kwa hiyo .com ya dola 5 inatoka mfukoni zaidi ya 20, na ya 11 inakaribia 30 na kitu. Kulikuwa na ada ya uanachama wa kuingia minadani pia, dola 4.99 kwa mwaka, angalia kama bado ipo. Kwa shilingi, ukichukua dola moja kama 2,500, jina moja linakugharimu kati ya elfu 60 na 90. Bado ni chee kwa jina la maneno mawili safi, lakini mtu asiingie na elfu 15 akidhani anaondoka na jina. Pia jina halikabidhiwi palepale, mwenyewe wa zamani anaweza kujitokeza dakika za mwisho akalipa, akirudi linarudi kwake na we unarudishiwa hela. Mi sioni shida hapo, ni lake. Na ukishalipata kwa kawaida unakaa nalo siku 60 kabla hujalihamishia kwa rejistra nyingine.

Kuhama ndo sehemu ya pili ya kuokoa hela na watu wengi hawaijui kabisa. Ukihamisha .com kwenda rejistra nyingine, ile hela unayolipia uhamisho inakuongezea mwaka mmoja, kwa hiyo sio gharama ya ziada, ni kurinyu kwa bei ya huko unakoenda. Mi baada ya siku 60 zote nazipeleka Porkbun, hao wako Oregon, nembo yao ni nguruwe najua wengine haitawapendeza lakini kazi yao safi, .com kama dola 11 kununua na kurinyu bei ile ile, kuficha anwani na namba yako ya simu ni bure, na bei ya kurinyu wameiandika pembeni ya bei ya kununua kwenye ukurasa ule ule. Mtu anayeweka bei mbili pamoja bila kuficha namheshimu. Nyota tano. Cloudflare nao wanauza kwa bei ya jumla kabisa bila faida, kwa tovuti ya mteja ambayo haiuzwi ni nzuri mno, ila kwa domeini za kuuza haifai kwa sababu wanakulazimisha utumie nemsava zao, yaani seva zinazoelekeza jina lifungue ukurasa gani, na mimi nataka mtu akiandika jina langu kwenye simu akutane na ukurasa wa "inauzwa" wenye bei.

Wengine kwa haraka. DropCatch, unaliwekea jina oda, baada ya kuisha muda na kupita siku 30 za kumpa mwenyewe nafasi ya mwisho na siku 5 za kufutwa, jina linaachiwa na mitambo yao inalidaka. Kwa saa zetu ni majira ya saa tatu usiku, kukiwa baridi Marekani inakuwa saa nne. Oda ni dola 59 na unalipa likidakwa tu, mkiwa zaidi ya mmoja mnaenda mnadani. Kwa jina la Kiswahili naona ni hela nyingi bila sababu, subiri tu, likiachiwa na hakuna aliyelitaka unalisajili kawaida kwa dola 11. Nimepata 6 kwa njia hiyo ya kusubiri. Dynadot nao wana mabaki yao, machache, ila vurugu ni ndogo. NameBio ni bure, inakuonyesha majina yaliyowahi kuuzwa na bei zake, kabla ya kupanga bei pita pale uone majina ya aina yako yalienda kiasi gani.

Na usiende NameBio ukaanza kuota. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, sawa. Kuna Sanmay Ved, 2015 alikuta google.com inauzwa dola 12 kwenye huduma ya Google wenyewe, akailipia, akawa nayo kama dakika moja ndo wakaifuta, wakampa zawadi dola 6,006.13, aliposema ziende kwenye msaada wakaziongeza mara mbili. Hadithi tamu, lakini mimi ninayeifanya hii kazi nakwambia wazoefu wanahesabu kwamba katika majina 100 kwa mwaka unauza 1 au 2. Ndo maana bei ya kununua na ya kurinyu ni kila kitu, majina 15 uliyonayo yanakula dola 11 kila moja kila mwaka uwe umeuza au hujauza, kama laki nne na ushee hiyo. Kila Desemba nakaa chini na orodha, jina ambalo halijaulizwa miaka miwili na mimi mwenyewe nikilisoma siamki, naliachia. .ai nimejitenga nazo kabisa kwa sababu hiyo, ni ya kisiwa cha Anguilla, lazima uanze na miaka miwili na unazidi dola 100 kabla hujaanza. .co.tz nawapa wateja wangu wote wanaouzia hapa hapa nyumbani na wanaipenda, ila kwa kununua na kuuza tena sijawahi kuuza hata moja.

Kuhusu kuuza, hayo ya kwangu nayaweka Afternic, hao wako chini ya GoDaddy, wanalitangaza jina kwa rejistra nyingi kwa hiyo mtu akilitafuta popote anaona linauzwa na bei. Wanakata kamisheni, kati ya asilimia 15 na 25 kutegemea umelielekeza kwao au la. Ila lile la dola 850 halikupita huko. Kijana wa Nairobi aliona imeili yangu kwenye ukurasa wa jina, akaandika, "Sasa bosi, hii domeini bado iko? Naweza pata kwa mia tatu?" Nikamwambia kaka, bei ni 1,000, na nikamweleza bila kuzunguka kwa nini, kwamba maneno yote mawili ni Kiswahili sanifu, linaandikika, halijawahi kuchafuliwa na nikamtumia picha za Wayback Machine mwaka kwa mwaka. Tukasukumana siku nne tukafika 850. Aliogopa kutuma hela Tanzania kwa mtu asiyemjua na mimi niliogopa kuachia jina, tukatumia Escrow.com, hawa wapo tangu 1999, yeye anaweka hela kwao, mimi nahamisha jina, yeye anathibitisha amelipokea, ndo wananitumia benki. Ilichukua kama wiki na nusu, ada tuligawana. Nyota nne, nyota moja nimeitoa kwa ajili ya makato ya benki za katikati kwenye kutuma hela nje ambayo hakuna aliyenieleza mapema.

Kuna imeili utaipokea tu ukianza hii kazi kwa hiyo nakuandaa. Mtu anakuja na heshima zote anasema anataka jina lako kwa dola 5,000, hapingi bei, kinachotakiwa ni cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani, unalipia wewe dola 80 au 100, atakurudishia kwenye malipo. Ukilipa, humuoni tena. Mara ya kwanza ilinijia usiku wa manane na nilikuwa na deni la ada ya mtoto, nilishika kadi mkononi kabisa. Kilichonisimamisha ni kwamba jina aliloliulizia lilikuwa lile baya kuliko yote niliyonayo. Mnunuzi wa kweli hahitaji cheti, anabishana bei.

Kwa malipo, wanaouliza kadi, mi natumia kadi ya Visa ya kidijitali ya M-Pesa, unaitengeneza kwenye simu, unaweka hela unayotaka kutumia tu. Hakikisha umeiwekea hela tangu jana yake, na iwe na zaidi ya unachodhani kwa ajili ya ile hela ya kurinyu na mabadiliko ya dola. Kuna jina la maneno mawili, la usafirishaji, nilikuwa nimelifuatilia kwenye mabaki siku zote, likashuka mpaka 11, nikasema nalisubiri lifike dola 5, siku ya dola 5 ikafika kadi ikakataa kwa upungufu wa shilingi elfu nne na mia kadhaa, nikakimbia kwa wakala wa chini ya nyumba kuongeza, narudi limechukuliwa. Siku hizi jina nililolipenda kweli nalibeba kwenye 11.